Sakafu ya Bi Edulia

Wewe ulipita hapa. Usikatae. Ulipita na mwavuli wako chini ya jengo la tatu, mtaani Los Ulmos, mvua ya Julai, mwezi wetu wa baridi, ikikupiga ubavuni, ukainua macho ukaliona lile dirisha la pembeni ghorofa ya tatu linavyotoka jasho kwa ndani, maji yanachuruzika mpaka ukutani, na boksi limebandikwa mahali pa kioo kilichopasuka. Ukavuta kola ya koti. Ukasema moyoni, watu wengine hawajui hata kutunza nyumba. Kisha ukaenda kwako, ukawasha hita, ukanyoosha miguu. Aliyejifunika hamjui anayetetemeka, ndiyo, lakini wewe ulimwona. Kuona uliona.

Na hukuwa wa kwanza. Sisi wa jengo la tatu tuna kumbukumbu ndefu, maana baridi haimruhusu mtu kusahau. Tunamkumbuka yule aliyekuja wakati wa kura akagongagonga kuta zetu kwa vidole, akasema hizi zitavikwa koti zima la kuzuia baridi, zote, kabla ya msimu ujao. Akanywa chai yetu, akala viazi vyetu, akaondoka na kura zetu. Misimu imepita mingapi? Kuta bado zi uchi.

Basi leo kaa usikie habari za Bi Edulia na sakafu yake.

*

Nolfa Oyarzo alikuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, katikati ya mji wetu wa Osorno. Mchana kutwa alisimama ndani ya mvuke, jasho likimtiririka mgongoni, akinyoosha mashuka ya watu waliolala vyumba vyenye joto. Jioni alitoka akiwa mbichi kwa jasho, akaingia mvuani, akafika nyumbani mgongo umeganda kama kibao.

"Ni wewe?" iliuliza sauti kutoka sebuleni.

"Ni mimi, mama. Umeshindaje?"

"Funga mlango kwanza. Usiniulize hali yangu mlango ukiwa wazi, utaibeba hali yenyewe uitupe nje."

Mama mkwe wake, Bi Edulia, alikuwa kitandani na kofia mbili kichwani. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, mbali na ukuta wa nje, tangu aliporudi kutoka hospitali na mapafu yaliyochoka. Pembeni mashine ya oksijeni ilinguruma kama ng'ombe anayecheua, na mpira mwembamba ulitoka humo ukaingia puani mwake.

Usidhani Nolfa alikuwa hajui kutunza nyumba. Madirishani alikuwa amebandika ile nailoni yenye mapovu wanayofungia vyombo, akiinyunyizia maji ili ishike kioo. Chini ya mlango alilaza soksi ndefu ya mwanamke iliyojaa mchanga. Koridoni alitundika blanketi, vyumba vya nyuma akavifunga, watu watatu wakaishi katika chumba kimoja. Nguo hakuanika ndani, maana unyevu huiba joto kuliko upepo. Mchana mvua ikipumzika kidogo alimwomba jirani afungue madirisha yote mara moja, hewa mbichi itoke, kisha afunge upesi. Miguuni mwa Bi Edulia kulikuwa na chupa za maji moto zilizovikwa soksi. Alifanya yote ambayo maskini huambiwa ayafanye. Kipimajoto kilichoning'inia kwenye msumari bado kilisema digrii kumi na mbili.

Baridi ilitoka chini. Ilipanda kutoka sakafuni ikapenya viatu, ikapanda miguu ya kitanda. Zulia lilikuwa kama limelowa, na halikulowa.

"Hita nimeizima," Bi Edulia alisema.

"Kwa nini, mama? Si nilikwambia uiache?"

"Ile inakula umeme kuliko mume wako anavyokula viazi. Mwezi uliopita ilimeza nusu ya mshahara wake. Nikae na joto, halafu tule hita?"

Nolfa aliiwasha tena. Alhamisi Nesi Solange angerudi. Nesi huyo aliwatembelea wagonjwa wote wa mashine mtaani, na mara ya mwisho alikuwa amesema maneno mawili yasiyokaa pamoja. La kwanza: moto marufuku nyumba nzima, uwe wa mafuta ya taa, uwe wa gesi, uwe wa kuni, kwa sababu oksijeni ikikutana na moto nyumba inageuka kiberiti. La pili: mapafu haya hayavumilii baridi. Digrii kumi na nane, si pungufu. Akikuta moto, au akikuta baridi, mgonjwa atahamishiwa nyumba ya wazee huko Valdivia.

Mzee Arnoldo wa chini alipelekwa huko msimu uliopita. Wanawe walimwona mara moja tu. Mara ya pili walipigiwa simu waende kuchukua nguo zake.

*

Jumatano Eladio, mume wa Nolfa, aliingia amebeba kitu ndani ya gunia. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mpakizi wa magunia ya chakula cha mifugo, na aliingia kwa kunyata kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hicho nini?" Nolfa aliuliza, ingawa harufu ilikwisha kumjibu.

"Jiko la mafuta ya taa. Jirani Ruperto kaniazima."

"Wewe mwanamume una akili? Umesikia nesi alivyosema?"

"Nimesikia. Kasema pia kumi na nane. Nipe wewe njia ya kufika kumi na nane. Haya, nipe!" Alilishusha jikoni. "Litakaa huku, mlango umefungwa, mama yuko kule. Kesho alfajiri nalirudisha kwa Ruperto, tunafungua madirisha, nesi anakuta joto, hakuti moto. Basi."

"Na mlango ukifunguka?"

"Nitaukalia mimi mwenyewe."

"Eladio!" mama yake aliita kutoka sebuleni. "Unanificha nini huko? Mapafu ndiyo mabovu, pua ni nzima!"

Nolfa alitaka kukataa. Alitazama kipimajoto. Akatazama vidole vya Bi Edulia juu ya blanketi, kucha zimekuwa na rangi ya zambarau. Akaingia jikoni mwenyewe, akafungua tundu la hewa, akaufunga mlango, akauziba kwa taulo lililolowa. Na alipoona moto umeshika, mkono wake ukafanya ulichozoea tangu utotoni: akamenya chungwa, akaweka maganda juu ya bati la jiko ili kuua ile harufu nzito ya mafuta. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake alifanya hivyo. Mkono haukumuuliza.

Ukuta wa jikoni ulipata joto, na sebule ikapata kidogo. Eladio alikaa sakafuni mgongo mlangoni mpaka kulipokucha, na hakuna aliyelala. Kila mashine ilipobadilisha mngurumo, Nolfa aliinua kichwa.

*

Nesi Solange alikuja na begi lake na viatu vya mpira vilivyojaa matope. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye mazoea ya kubisha hodi huku akiimba. Safari hii aliacha kuimba mlangoni.

Jiko lilikwisha kurudi kwa Ruperto. Madirisha yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa. Taulo lilikuwa limekamuliwa. Kipimajoto kilisema kumi na sita, na Nolfa alikuwa amejiandaa kubembeleza kwa zile mbili zilizopungua.

Nesi alivuta hewa. Akavuta tena. Akaushika ukingo wa blanketi la koridoni, akaunusa.

"Mmekula machungwa?"

"Ndiyo, dada," Nolfa alisema haraka. "Kwa ajili ya kifua cha mama. Vitamini."

"Maganda mmetupa wapi?"

"Nje. Kwenye pipa."

Nesi Solange alikaa kwenye kiti taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Bi Nolfa, mimi nimekulia Rahue, ng'ambo ya mto hapo. Wageni wakija, mama yangu naye alikuwa akituambia tuseme tumekula machungwa."

Kusini kote, harufu ya ganda lililoungua ina maana moja tu, jiko la mafuta ya taa, na Nolfa alikuwa ameitangaza nyumba nzima kwa mkono wake mwenyewe. Nesi aliinuka, akafungua mlango wa jikoni, akainama, akapitisha kidole sakafuni. Kidole kilirudi na masizi. Alikifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, asiombe chochote.

"Nilipaswa kumchukua leo. Sasa hivi."

"Mimi Valdivia siendi," Bi Edulia alisema kutoka kitandani. "Kule watu wanaongea kama wana kiazi mdomoni. Nitakufa kwa kuuliza 'unasemaje'."

"Mama, hili si la kucheka."

"Najua si la kucheka. Ndiyo maana nacheka. Mkitaka kulia, nendeni koridoni, mtaniletea unyevu."

Nesi alifunga begi lake. "Mpaka Jumatatu," alisema hatimaye. "Jumatatu nakuja na gari. Nikikuta kumi na nane bila moto, gari linarudi tupu. Na ninyi msinifanye polisi, tafadhali. Sikusomea upolisi."

Alipoondoka, Nolfa alishuka kwenye pipa, akatoa maganda akayakanyaga mpaka yakawa uji.

*

Ruperto aliishi mlango wa pili, ghorofa ileile, peke yake na paka. Ijumaa Nolfa alikwenda kumwambia asiwaazime jiko tena. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, akaingia na soksi, kisha akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesikia akiitwa.

"Jirani, vipi? Umekanyaga paka?"

"Sakafu yako ina joto."

"Ina joto? Mimi naiona ya kawaida."

"Hita yako umewasha?"

"Hita gani? Nina hii ndogo ya kukaushia nywele zangu tano."

Nolfa alipiga magoti akaweka kiganja chini. Vuguvugu. Kuta zilezile, saruji ileile, dirisha lilelile bovu. Chini ya Ruperto aliishi Yolita na mumewe na watoto wanne, sufuria haishuki jikoni, tanuri halipoi. Na chini ya Nolfa? Chini ya Nolfa palikuwa na mlango wenye kufuli, usiofunguliwa tangu tajiri mmoja wa Santiago, ambaye hatujawahi kumwona hata kisigino, aliponunua nyumba ile na nyingine mbili mtaani, akazifunga akingoja bei ipande.

"Ruperto," alisema, bado amepiga magoti. "Sisi tunaishi juu ya shimo."

*

Funguo za nyumba zilizofungwa zilikaa kwa Bwana Waldemar, msimamizi wa majengo. Ofisi yake ilikuwa na hita mbili na mtu mmoja. Alikuwa anakula keki ya tofaa kwa uma mdogo, na hakumkaribisha Nolfa kiti; kiti kilikuwa na koti lake.

"Bwana Waldemar, samahani. Ni kuhusu nyumba iliyo chini yangu."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe hajawahi kuiona."

"Kuona si sharti la kumiliki, mama. Mimi nina bima, sijawahi kuiona."

"Naomba ufunguo tu. Nitaweka hita yangu pale chini mchana. Umeme nitavuta kutoka kwangu. Mama mkwe anaumwa, Jumatatu wanamchukua."

"Na ukiunguza?"

"Basi ipangisheni. Aingie mtu. Yeyote. Mtu akipika tu pale chini, sisi tutapona."

"Ikipangishwa inachakaa." Alikata kipande cha keki, akakitafuna mpaka kikaisha, Nolfa amesimama. Kisha akatabasamu kama aliyekumbuka kichekesho. "Nikwambie ukweli? Tajiri anawashukuru sana. Nyumba ikifungwa msimu mmoja tu katika mji huu, inaota ukungu mpaka darini. Ile yenu imekauka kama biskuti. Joto lenu hilo! Mnamtunzia nyumba bila hata kujua." Akacheka, chembe za keki zikaruka juu ya meza. "Vaeni soksi mbili mbili."

Na Nolfa akasema, "Asante."

Alifika nje ndipo alipojisikia amelisema. Asante! Kwa nini? Kwa soksi? Alisimama mvuani akitaka kulirudisha neno lile mdomoni alimeze, na halikurudi. Misimu mitatu alikuwa akilipa umeme wa kupasha nyumba mbili, yake na ya tajiri. Misimu mitatu mume wake alikuwa akibeba magunia ili ukuta wa mtu wa Santiago usiote ukungu. Na malipo yake yote, mwisho wa yote, yeye ndiye aliyeshukuru.

*

"Mimi sivunji mlango wa mtu," Eladio alisema. "Nina kazi. Bosi akisikia polisi, kesho magunia yanabebwa na mwingine."

"Una mama pia."

"Usinitajie mama yangu kama vile simjui!"

"Msigombane juu yangu kama nimekwisha kufa," Bi Edulia alisema. Kisha akanusa hewa, akakunja uso. "Yolita anaoka. Kila siku ya Mungu naunusa mkate wa yule mwanamke, na hata ganda siletewi. Kwetu kisiwani Chiloé ilikuwa aibu hiyo. Mtu akiwa na kazi kubwa anaita minga, wanakuja wote, hakuna anayelipwa, wanakula wote. Nimeona nyumba nzima inavutwa na ng'ombe kutoka kilima hiki kwenda kilima kile, na madirisha yake! Huku mnaishi ukuta kwa ukuta, kila mmoja anaoka kamkate kake peke yake kama mwizi."

Nolfa alikuwa akikunja blanketi. Aliacha kulikunja.

Kila mlango mwingine wa jengo la tatu ulikuwa na tanuri la gesi, na kila tanuri liliwashwa kila jioni kwa ajili ya mikate michache, kisha likazimwa, joto likapotelea ukutani. Kama matanuri hayo yote yangekuwa moja? Kama lingewaka mahali pamoja tu? Moto usiingie nyumbani kwa mgonjwa. Ubaki chini yake, na saruji katikati.

Alitoka bila koti.

Yolita alimsikiliza na unga mpaka kwenye viwiko. "Na polisi, shoga?"

"Polisi nao hula mkate," Ruperto alisema akiwa nyuma ya Nolfa. Alikuwa amemfuata, hakutaka kukosa.

"Nyamaza wewe. Unataka jiko langu lihame? La kwangu?"

"Lako ndilo kubwa," Nolfa alisema. "Gesi tutachanga. Kila mmoja alete unga wake. Utaona mtungi utakavyodumu, tukiacha kuwasha wote."

"Na tukikamatwa?"

"Tutakamatwa na mikate."

Yolita alifuta mikono kwenye aproni. "Arnoldo nilimfulia soksi wiki aliyoondoka," alisema. "Zilirudi kwenye mfuko, hazijavaliwa." Hakusema ndiyo. Alianza kuchomoa bomba la gesi kwenye jiko lake.

*

Jumapili mchana watu walikuwa kwenye ngazi, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Kila mtu alikuwa na bakuli la unga uliokandwa. Hakuna aliyekuwa na nondo. Watu walitazamana. Mmoja alikohoa. Mwingine akasema labda angojewe kwanza padri, labda iandikwe barua. Nolfa aliona miguu inaanza kurudi nyuma, ngazi moja moja.

Juu, Eladio alikuwa akimwinua mama yake ili amtandikie kitanda. Alimketisha kitini, na nyayo za Bi Edulia zikagusa sakafu. Mama akavuta pumzi kwa meno. Hakulalamika; alipandisha tu miguu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Eladio alipiga magoti akaweka kiganja chake kipana juu ya zulia, akakiacha hapo.

Tulimwona akishuka. Alipita katikati yetu na nondo ya ghalani, akaipachika kwenye kufuli, na mabega yale yaliyobeba magunia miaka yote yakafanya kazi ya kwao.

Ndani palikuwa pazuri. Hilo ndilo lililotuchoma. Rangi mpya, sakafu inang'aa, na dirishani hapakuwa na tone moja la jasho. Ukuta ulikuwa mkavu. Yolita, ambaye mtoto wake wa mwisho hulala na kikohozi, alipitisha mkono ukutani kutoka pembe mpaka pembe, akatazama kiganja chake.

"Hili ni langu," alisema polepole. "Hili joto ni langu."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja barua.

Jiko la Yolita likahamishwa kwa mikono minane. Tundu la hewa likafunguliwa wazi, maana hatukutaka kumwokoa mmoja kwa mapafu na kuwaua kumi kwa gesi. Mikate ikaingia. Watoto wakaletwa na madaftari yao, Ruperto akaleta paka na gitaa, mtu akaleta sufuria ya kuku. Binadamu naye ni jiko. Watu ishirini wakicheka chumbani si joto dogo.

Nolfa hakucheka. Alipanda juu akalala kifudifudi, shavu kwenye zulia. Baridi. Akangoja. Baridi. Saruji ni nzito kama serikali, haipati joto kwa sababu wewe umeamua. Giza liliingia na kipimajoto kikasema kumi na tatu.

"Unafanya nini huko chini, mwanangu?" Bi Edulia aliuliza.

"Nasikiliza."

"Wanasemaje?"

"Bado hawajasema."

Walipeana zamu kuoka. Waliooka yao wakaoka ya jirani, ya jengo la pili, ya mgeni yeyote aliyeleta unga, ili moto usife. Asubuhi, Nolfa aliposhusha miguu kitandani, alisahau kuvaa viatu. Alifika jikoni ndipo alipogundua yu pekupeku.

*

Gari la wagonjwa na gari la polisi yaliegeshwa karibu kugongana. Nesi Solange alipanda kwanza, nyuma yake vijana wawili na machela. Bwana Waldemar alipanda na askari wawili, akaishia ghorofa ya pili, mbele ya mlango usio na kufuli.

"Nivueni kofia moja," Bi Edulia alimwambia nesi kabla ya salamu. "Wananichemsha hawa."

Nesi alitazama kipimajoto cha msumarini, hakukiamini, akatoa chake mwenyewe. Kikasoma kumi na nane na kidogo. Akafungua jikoni, akainama, akapitisha kidole. Kikarudi safi. Akanusa.

"Mmewasha nini?"

"Mkate," Nolfa alisema. "Chini. Hapa hakuna moto. Shuka uone."

Alishuka akaona: tanuri, watoto, mikate imepangwa juu ya mlango uliong'olewa ukageuzwa meza. Bwana Waldemar alikuwa amesimama katikati akipiga kelele kuhusu mali ya watu.

"Ninyi ni wezi! Bi Nolfa, nilikudhania mtu wa adabu. Si ulisema asante?"

"Nilikosea," Nolfa alisema. "Naichukua asante yangu."

Askari mzee alikuna shingo. "Karatasi ya hakimu unayo, bwana?"

"Karatasi ya nini? Kufuli limevunjwa, huoni?"

"Naona. Ninaona na watu wanaopika. Watu waliokwisha kuingia hawatolewi bila karatasi." Alikuwa mtu wa mjini hapa huyo, na macho yake yalikuwa kwenye mkate.

"Basi nitaileta! Kesho asubuhi ninyi wote nje, na jiko lenu litashuka kwa dirisha!"

Nesi Solange aliandika kitu kwenye ubao wake. "Nimeandika nilichokiona," alimwambia Nolfa kwa sauti ya chini. "Hakuna moto kwa mgonjwa, joto linatosha. Machela inarudi tupu. Lakini nitakuja tena, Bi Nolfa, na nitapima tena. Likizimwa hili, sina la kuandika." Alimpita Waldemar bila kumtazama. Naye ana wakubwa wake. Alichukua mkate mmoja, akauficha ndani ya begi.

*

Hiyo ilikuwa leo asubuhi. Karatasi itafika kesho. Waldemar ana wakili, ana gari, na ana tajiri wa Santiago kwenye simu. Wakituzima, saruji itapoa kabla ya jioni, na Bi Edulia atapelekwa kujifunza Kihispania cha Valdivia, mpaka tupigiwe simu twende kuchukua nguo zake. Eladio ameitwa na bosi wake. Amekwenda, amerudi. Amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, nondo magotini. Nolfa amekaa pembeni yake. Leo hotelini hakwenda.

Ngazi za jengo hili ni nyembamba. Watu wawili wakikaa bega kwa bega, hapiti mtu na karatasi wala bila karatasi. Tumekwisha kujipanga: Yolita na mumewe, Ruperto, mama wa mapacha, wazee wa chini. Tumehesabu mabega, hayatoshi.

Kwa hiyo usiniambie umesikitika. Masikitiko hayapashi sakafu. Usiniambie utaliombea jengo la tatu, wala utamtumia habari hii rafiki yako kisha ulale. Mtaani kwako pia kuna mlango wenye kufuli na nyumba tupu nyuma yake inayonyonya joto la majirani, na unaujua, unapita mbele yake kila siku. Weka hiki unachosoma chini. Vaa koti. Chukua unga ulio nao, hata kama ni kikombe kimoja. Mgongee jirani, asiyefungua mgongee tena, mje wawili. Kesho haikawii kupambazuka, na ngazi nyingi bado hazina mtu.

Inuka. Sasa hivi. Njoo ukae.